Foto haikuwa yetu



Leo hatuandiki juu ya barabara, wala juu ya umeme, wala juu ya mkubwa yeyote. Leo tunaandika juu yetu sisi. Kwenye ukurasa huu tulitumia kazi ya mtu bila kumuuliza, tukakata jina lake, na kazi hiyo ikaenda mbali ikivaa logo yetu. Wengine wenu mliona maneno yake chini ya foto, kabla hayajamezwa na pongezi zenu: "Bandugu, ile foto njo yangu. Miye njo niliipigaka. Jina yangu mulitia wapi?"

Tulikaa siku nne bila kumujibu. Tunaanza na hizo siku nne, juu ndizo zinatupatia haya kupita yote. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Lakini siku nne si haraka tena. Kwenye gurupe letu la WhatsApp tulikuwa tunajadiliana: tumujibu, tusimujibu, tufute maneno yake? Kuna mwenye alisema tumufungie njia. Sisi, wenye kila wiki tunaandika kama viongozi hawajibu barua zetu.

Foto mnaijua. Ni ile ya wamama na mabido ya njano, Goma, mbele jua halijatoka, wanangojea maji. Mwenye kuipiga ni kijana kama sisi. Ana lisensi, hana kazi, ana simu yenye kioo kimepasuka. Jina lake sasa liko chini ya foto, mahali pake. Ndani ya andiko hili ametuomba tusilirudilie. Alitueleza namna ile foto ilipatikana. Alitoka nyumbani saa kumi za usiku. Alimulipa motari kwenda. Aliikaa pale saa mbili bila kutoa simu mfukoni, anaongea tu na wamama, anasaidia kusukuma mabido. Mama mmoja alimukubalia, lakini akamuwekea sharti: "Unipige mugongo tu, mutoto wangu. Sura hapana." Alimupiga mgongo. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu juu franga ilikuwa imeisha, akanunua mega ya deni kwa jirani, akaandika maneno yake: mabido ngapi, nyumba ngapi, bei gani, wanafunzi gani wanachelewa masomo. Akaweka.

Sisi tuliikuta foto ndani ya gurupe. Tulikata sehemu ya chini yenye jina, juu lilikuwa linagongana na logo yetu. Kazi ya sekunde kumi. Maneno yake marefu hatukuyasoma. Tuliandika yetu, mistari mitatu yenye hasira.

Kisha mambo mawili yakatokea, na kwa hayo mawili hatuwezi kusema "ni kitu kidogo".

La kwanza: ukurasa mwingine uliitoa foto kwetu, ukaandika juu yake kama wale wamama ndio wenye kununua maji yote na kuyauza bei ya wizi. Hatujui nani aliyetunga hayo. Lakini mama wa mgongo alijulikana kwenye kartie yake, kwa kikwembe na kwa bido lenye alama ya rangi nyekundu. Watoto walimuimbia njiani. Mwenye alimupiga foto alikuwa amemupa ahadi, na ahadi hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya maneno yale yenye hatukusoma: mama huyu ni mnunuzi kama wengine, analipa kama wengine. Wakati tulitenganisha foto na maneno yake, tuliitoa foto ulinzi wake.

La pili: kuna shirika lenye lilikuwa linatafuta mpiga foto wa kazi ya siku kumi, kazi ya kulipwa dola. Waliona foto, wakapenda, wakaandika kwetu. Kwetu, juu logo ilikuwa yetu. Ujumbe ulilala ndani ya sanduku letu siku nane. Wakati tulimuonyesha ndugu yetu, kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Hatuna namna ya kurudisha siku kumi za kazi. Mwenye hajapita miaka miwili na diplome ndani ya kabati pengine haoni uzito wa jambo hili. Wengi wetu tunauona.

Sasa tuseme ukweli juu ya sababu zenye tulijipa, kwa sababu tunajua nyinyi pia mnazitumia.

"Iko kwa intaneti, ni ya watu wote." Hapana. Nguo yenye kuanikwa kwenye kamba inaonekana na watu wote wa avenyi, lakini hakuna mwenye anapita na kuivaa. Na hapa hatusemi adabu tu, kuna sheria. Nchi yetu ina ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, yenye kulinda haki za watunzi. Ni ya wakati wa Zaïre, mbele wengi wetu tuzaliwe, mbele intaneti ifike kwetu, lakini haikukufa. Tena Kongo iko ndani ya Mapatano ya Berne tangu 1963. Mapatano hayo yanasema wazi kama haki ya mtunzi haingojei karatasi yoyote: hakuna kuandikisha, hakuna stampu, hakuna lazima ya kuweka ile alama ya duara yenye herufi C. Umeandika, umepiga foto, basi ni yako, hata kama simu ni ya kuazima. Na mapatano hayo yanampa mtunzi kitu kingine chenye hakiuzwi na hakihesabiwi kwa franga: haki ya kutambuliwa kama yeye ndiye aliyefanya kazi, na haki ya kukataa kazi yake ibadilishwe kwa namna yenye kumuharibia jina. Ile sehemu ya chini yenye tulikata kwa sekunde kumi, ndiyo haki hiyo.

Hapa pana kitu chenye vijana wengi wanachanganya, tukifungue kidogo. Habari yenyewe haina mwenyewe. Kama hakuna maji, hakuna maji. Kila mtu ana haki ya kulisema, kuliandika, kulipigia kelele, bila kuomba ruhusa kwa yule aliyeliandika wa kwanza. Chenye ni cha mtu ni sentensi zake, foto yake, sauti yake, namna alipanga mambo. Tungetaka kupiga kelele juu ya maji, tungeweza kwenda sisi wenyewe na simu zetu. Tunakaa dakika ishirini kutoka pale. Tuliona uvivu, basi.

Tena kutaja maneno ya mtu kunaruhusiwa. Unachukua mistari miwili mitatu, unaifunga ndani ya alama za mtajo, unaandika jina na mahali uliitoa, kisha unaendelea na mawazo yako. Hakuna mwenye atakuuliza. Lakini kuchukua aya kumi na moja, kuandika "chanzo: intaneti" mwishoni, huko si kutaja. "Chanzo: intaneti" ni sawa na kuiba mbuzi na kusema ilitoka sokoni. Na kugeuza maandishi ya Kifaransa kuwa Kiswahili hakuyafanyi yako: kutafsiri pia ni kwa ruhusa. Mnajua pia wale wenye wanasoma hewani andiko zima la kijana fulani, toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kama vile waliliota usiku.

Sababu ya pili: "Tunamusaidia ajulikane." Hii ndiyo ilituuma wakati tuliisikia ikitoka kinywani mwetu, kwa kuwa sisi wenyewe tunaambiwa hivyo kila siku. Njoo ufanye kazi bure, utapata vizibilite. Vizibilite haipikwi na sombe. Na sisi hata hiyo hatukumupa, juu tulikata jina.

"Hatukukula hata franga moja." Ni kweli. Ukurasa huu haulipwi na mtu. Lakini tulikula vingine: wafuasi wapya wale wa wiki ile, mialiko miwili, sifa. Mali si pesa tu.

"Tuliitoa kwenye WhatsApp, hatukujua ni ya nani." Hii tunaikubali nusu. WhatsApp inaonyesha kama ujumbe umetumwa tena, lakini haisemi ulitoka kwa nani mwanzoni. Na foto ikipita humo inapoteza habari zake za ndani, tarehe na simu yenye iliipiga. Kweli ni vigumu. Ila safari yetu jina lilikuwa limeandikwa juu ya foto, kwa herufi nyeupe. Na hata pasipo jina, kuna njia. Unaiingiza foto ndani ya Google Lens ao TinEye, unaona mahali ilionekana mbele. Unamuuliza aliyekutumia, naye amuulize aliyemutumia. Ukikosa kabisa, usiiweke. Au weka maneno yako bila foto, haitakuua.

Kujua foto ni ya nani si heshima kwake tu. Tukumbuke tarehe 22 Mei 2021, usiku Nyiragongo ilipolipuka. Tulikuwa njiani na magodoro kichwani, simu zinalia, kila dakika foto mpya ya lava, bila jina, bila saa, bila kartie. Hii ni ya sasa ao ni ya Januari 2002? Imefika wapi, imesimama wapi? Foto yenye jina la mtu, unaweza kumupigia ukamuuliza. Foto isiyo na jina haina wa kumuuliza. Usiku ule tungelipa pesa kwa jina moja la kweli chini ya foto moja.

Na tangu 13 Machi 2023 tuna Kanuni ya mambo ya kidijitali, yenye haimuangalii tu yule aliyetunga uongo. Mwenye kuusambaza pia anaweza kuitwa. "Nilipartaje tu" haitoshi mbele ya hakimu. Sisi tuna mashaka yetu juu ya sheria hiyo, tuliona namna sheria za namna hii zinaweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kuwapiga wenye kusema ukweli, siku moja tutaandika juu yake. Kwa leo, ujue tu kama iko.

Basi tunafanya namna gani? Kwanza ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Kwenye Facebook, tumia kitufe cha kupartaje. Hakikataliwi, mwenye kuweka kitu wazi kwa watu wote anajua kama kitapartajiwa. Jina lake linasafiri pamoja na kitu chake. Akisahihisha, kinasahihishwa kwako pia. Akifuta, kinapotea kwako pia, na hiyo ni haki yake. Taabu inaanza wakati unaiteremsha foto ndani ya simu yako na kuipandisha upya kama yako. Hapo umekata kamba. Yeye akifuta kesho juu kuna mtu anatishwa, yako inabaki.

Kama unahitaji kitu chenyewe, kwa ukurasa wako, kwa afishi, kwa redio, andika ujumbe. Si barua ya ofisi. Sisi sasa tunaandika hivi: "Jambo ndugu. Tuko wa ukurasa fulani. Tumeona foto yako ya tarehe fulani, tunaomba kuiweka kwetu pamoja na maneno haya" (na unamutumia maneno yote, si kumwambia tu) "tutaandika jina yako namna gani? Kama hautaki, hakuna mubaya." Kisha unangojea. Kimya si ndiyo. Hii tuliijadili sana kati yetu, kuna wenye walisema baada ya saa 24 mtu asipojibu ni amekubali. Tulikataa. Mtu anaweza kuwa hana mega. Anaweza kuwa amelazwa. Anaweza kuwa amekimbia.

Na hapa kwetu, mashariki, kuna jambo lenye wenzetu wa miji yenye amani hawalifikirii sana. Kwao adabu ni kuandika jina. Kwetu adabu ni kuuliza kama jina liandikwe. Kuna wenye wanaandika kwa jina la kubuni na wana sababu zao. Ukimujua, ukaandika jina lake la kweli ukifikiri unamuheshimu, umemuonyesha kwa watu wenye walikuwa wanamutafuta. Hivyo hivyo kwa wenye kuonekana ndani ya foto. Ruhusa ya mpiga foto si ruhusa ya mama mwenye bido. Ni ruhusa mbili.

Tarehe 3 Oktoba 2024, wakati mashua ilizama mbele ya Kituku, kuna waliokuwa ufukoni na simu mkononi. Video zile zilifika kwenye simu za familia mbele ya habari yoyote. Walionyakua zile video na kuzitia logo na muziki, hawakumuuliza aliyepiga, lakini hasa hawakuwafikiria wale wenye walikuwa wanatafuta ndugu yao ndani ya picha. Hatuna kanuni kwa siku kama ile. Tunajua tu kama muziki haukuwa na nafasi.

Kuna pia wenye wanatoa ruhusa mapema, kwa wote. Mkiona herufi CC chini ya kazi, ni Creative Commons, leseni zenye zilianza mwaka 2002. BY inasema chukua, ila taja jina. NC inasema usifanyie biashara. ND inasema usibadilishe kitu. SA inasema ukibadilisha, chako nacho ukiachilie kwa masharti yale yale. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya BY na SA, kwa hiyo nayo si ya kukopi bila kutaja, wanafunzi mtusamehe. Tunawashauri wenye mnaandika na kupiga foto: wekeni herufi hizo ao sentensi moja ya wazi chini ya kazi yenu. "Muchukue, mutaje jina, musikate." Inatosha, na inamupunguzia mwenye nia nzuri safari ya kuuliza.

Kuhusu pesa, hatukubaliani wote ndani ya kundi, na hatutajifanya tunakubaliana. Wengine wanaona kikundi cha raia kisicho na mfuko kinaweza kuomba bure, wakati mwenye kazi ana haki ya kukataa bila kuitwa adui wa mapambano. Wengine wanaona hata sisi tungechanga franga za usafiri. Pahali tunakubaliana ni hapa: shirika lenye bajeti, lenye gari na dereva, lenye linalipa chumba cha mkutano na maji ya chupa, likiomba foto ya kijana bure, linamunyonya. Na kijana ana haki ya kuuliza bei mbele ya kutuma.

Sasa, yale tuliyofanya. Foto tumeiweka upya, nzima, na jina, na maneno yake yote chini. Ile ya zamani tumeifuta. Kwanza tulitaka kuibakiza kwa ajili ya pongezi nyingi zenye ilipata, kisha tukaona haya. Tuliandikia kurasa nne zenye ziliitoa kwetu. Tatu zimesahihisha. Moja imetujibu kama "intaneti haina mlango". Maneno yake ya chini ya foto, yale ya siku nne, tumeyaweka juu kabisa kusudi yasomwe wa kwanza. Yeye amekubali foto ibaki hapa. Amekataa iwekwe kwenye tisheti na kwenye afishi, na hatutamuuliza mara ya pili.

Tulienda pia kwa mama, sisi watatu pamoja naye. Tulitayarisha maneno mengi. Mama alitusikiliza, akiwa anachambua maharagwe, kisha akauliza swali moja: "Munasema mulikuya juu ya maji. Na ile maji, ilikuya?" Hatukuwa na jibu. Aliomba foto ibaki, mradi ile habari ya wizi wa maji ikanushwe kwa jina la kundi, na tuipeleke pia kwa chefu wa kartie kwa maandishi. Barua ilipelekwa Jumanne. Nakala iko kwake.

Kwa vitu vyetu wenyewe: kominike zetu zikopiwe, zisomwe redioni, zitafsiriwe, hakuna kutuuliza, ila ziwe nzima, na tarehe yake. Sentensi moja ya kominike iliyokatwa inaweza kutupeleka kizuizini, msiikate. Foto na video za maandamano, mtuulize kwanza, juu kuna sura za watu, na kati yao kuna wenye walitukubalia sisi tu. Mtu akituomba tuondoe kitu chake, tutakiondoa siku ile ile na kujadili baadaye. Mkituona tumerudia, mtuandikie chini hapa, wazi, mbele ya watu wote, kama alivyofanya yeye.

Lile shirika la kazi ya siku kumi tumeliandikia tena. Tumeeleza kama foto haikuwa yetu, tumetoa jina na namba ya mwenyewe, kwa ruhusa yake. Mpaka tunaandika hivi, bado hawajajibu.